Kilo yangu ya sembe haikutoka kwa Higgs

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na uniwie radhi kwa urefu wa barua yenyewe. Mwalimu akistaafu hunyang'anywa ubao, mdomo anabaki nao.

Jumapili iliyopita nilikuwa barazani nachambua mchele, na mjukuu wangu wa kidato cha tatu ananisomea makala ya sayansi katika gazeti lako. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba chembe ya Higgs ndiyo inayovipa vitu vyote uzito, na kwamba bila hiyo binadamu asingefika hata gramu moja, nilimwambia arudie. Akarudia. Nikaweka ungo chini.

"Kwani kuna kosa, Bibi?"

"Lipo, tena si la mpiga chapa."

Aya mbili mbele tukakuta la pili, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: kwamba wanafizikia wa chembe ndogo wanatumia modeli kwa kuwa hawajui kinachoendelea, yaani wanabahatisha. Mimi nimefundisha fizikia kidato cha tano na sita miaka 27, na tasnifu yangu ya shahada ya pili ilikuwa modeli tupu, mwanzo hadi mwisho, juu ya chembe ziitwazo mesoni nyepesi. Kwa hiyo nikilinyamazia hili nitakuwa nimejinyamazia mwenyewe.

Nianze na uzito. Darasani tungesema tungamo, lakini leo tuko sokoni. Jumatatu nilikwenda Ngamiani kununua sembe. Kijana wa duka akaweka jiwe la kilo moja upande huu wa mizani, akamimina unga upande wa pili hadi mikono ikalingana. Nikamwuliza, kati ya kilo hii, ya Higgs ni gramu ngapi? Akacheka, akadhani nadai nyongeza.

Hesabu yake ni fupi. Karibu uzito wote wa unga uko katika protoni na nyutroni za viini vya atomu zake. Protoni moja ina chembe ndogo zaidi ziitwazo kwarki, mbili za juu na moja ya chini (juu na chini ni majina tu ya aina zake). Kwa kipimo chetu cha MeV (msomaji asihangaike nacho, alinganishe namba kama anavyolinganisha bei) kwarki ya juu ina kama 2.2 na ya chini kama 4.7. Uzito huo kweli wanaupata kwa Higgs. Jumlisha: mbili za juu na moja ya chini ni 9 na kitu. Protoni yenyewe ina 938. Yaani katika kila mia, moja tu. Katika kilo yangu ya sembe, mchango wa Higgs ni gramu kumi au kumi na moja, kijiko kimoja cha mezani. Ukiuliza kwa njia nyingine, kwamba protoni ingepungua kiasi gani kama kwarki hizo zingekuwa hazina uzito kabisa, jibu linapanda kufikia gramu hamsini au sitini, maana mambo ya ndani ya protoni yanashikamana. Bado mizani haijainuka.

Nisieleweke vibaya, Higgs haidharauliki. Elektroni inapata uzito wake wote huko, na elektroni isingekuwa na uzito, atomu zisingekuwapo, wala sembe, wala mwenye duka. Shangwe ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ya tarehe 4 Julai 2012 walipotangaza kuiona, ilikuwa halali yao. Lakini gramu 990 nyingine zinatokana na kani kali, ile inayofunga kwarki kwa gluoni, chembe zinazoibeba kani hiyo. Ni nishati ya vitu vinavyokwenda mbio vikiwa vimefungiwa ndani, na nishati iliyofungiwa ina uzito. Mwaka 2008 kundi la wanafizikia wa Ulaya lilikokotoa uzito wa protoni na ndugu zake kwa kompyuta kubwa, wakianzia kwenye kanuni zenyewe za kani kali, wakapata jibu linalokubaliana na vipimo kwa tofauti ya asilimia chache. Hapo hapakuwa na kubahatisha.

Sasa mtu atauliza: kama kanuni zinajulikana, modeli za nini? Kanuni za kani kali zimeandikwa tangu mwaka 1973. Taabu ni kwamba kujua kanuni si kujua kukokotoa. Kwarki zikigongana kwa nishati kubwa, kani hiyo inalegea na hesabu ya kalamu inakwenda. Kwa nishati ndogo, hapo inapojenga protoni na mesoni, inakaza kamba, na kila hatua ya hesabu inakuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Kalamu inakwama.

Wavuvi wetu wa hapa Tanga wanahesabu mwezi mwandamo, wanajua siku za bamvua na siku za maji mafu, wanajua saa ya kusukuma mtumbwi na saa ya kuuacha mchangani. Hakuna anayewaambia kwamba wanabahatisha kwa sababu hawakuhesabu molekuli za maji. Wameshika kile kinachotawala kwa kiwango chao, mwezi na jua, wakaacha kisichohusika. Modeli faafu, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiziita darasani, ndizo hizo. Unachagua kiwango cha nishati, unaweka ndani vitu vinavyoonekana kwa kiwango hicho, na yote ya chini yake unayafungia katika namba chache unazozichukua kwenye vipimo.

Mesoni nyepesi kuliko zote ni pioni, na ndiyo inayoeleza kilo yangu ya sembe vizuri kuliko protoni yenyewe. Mesoni ni kwarki moja na antikwarki moja, yaani pacha wake wa kinyume. Pioni yenye chaji chanya ni kwarki ya juu na antikwarki ya chini, uzito wake 140 kasoro kidogo. Kuna mesoni nyingine iitwayo ro, nayo ni kwarki ya juu na antikwarki ya chini, zilezile, tofauti ni kwamba spini zao, yaani kujizungusha kwao, zimeelekea upande mmoja badala ya kupingana. Uzito wa ro ni 775. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, tumezoea, lakini ni mapishi gani haya yanayougeuza mchele uleule uwe mzito mara tano na nusu?

Jibu nililimwonyesha mjukuu wangu mezani kwa chombo cha kuokea keki, kile cha duara chenye mwinuko katikati, na gololi yake. Weka gololi juu kabisa ya mwinuko. Pande zote zinalingana, haibagui. Lakini haikai. Inaporomoka, inatulia mahali fulani kwenye mfereji, na hapo imekwisha kuchagua upande, ingawa chombo chenyewe bado ni cha duara kama kilivyotoka dukani. Sasa isukume kwa kidole. Ukiisukuma ipande ukuta, inakataa, inarudi kwa kasi. Ukiisukuma ifuate mfereji, inazunguka kama haina mwenyewe. Mwendo wa ukutani ni chembe nzito. Mwendo wa mferejini ni pioni, na kama chombo kimelala sawasawa, pioni haina uzito kabisa.

"Lakini pioni ina uzito, umesema 140," akaniambia. Huyu mtoto atafika.

Nikachukua daftari lake, nikalipenyeza chini ya ukingo mmoja wa chombo. Mfereji ukainama kidogo. Gololi sasa ina mahali pake pa chini, na ukiigusa inayumba polepole, kwenda na kurudi. Ule mwinamo mdogo ndio uzito wa kwarki, ule wa Higgs. Kuyumba polepole ndio uzito mdogo wa pioni. Ukizidisha mwinamo mara nne, kuyumba kunakuwa kwa haraka mara mbili tu. Vivyo hivyo uzito wa pioni unakwenda na kipeuo cha pili cha uzito wa kwarki. Jambo hilo liliandikwa na wanafizikia Gell-Mann, Oakes na Renner mwaka 1968, na wao hawakuwa na gololi.

Ulinganifu uliovunjika hapa ni wa kulia na kushoto. Kwarki isiyo na uzito ingekuja kwa namna mbili, moja ikijizungusha kama parafujo ya kulia, nyingine kama ya kushoto, na kani kali isingezichanganya. Lakini utupu wenyewe, ule tunaodhani hauna kitu, umejaa jozi za kwarki na antikwarki zinazochanganya kulia na kushoto. Kwarki inayopita humo inajikokota kama mtu anayetembea kwenye tope, inatoka na uzito wa 300 na ushei badala ya 2 au 5. Umbali kutoka katikati ya chombo hadi mferejini ndio kipimo cha tope hilo. Zidisha 300 na ushei mara tatu uone kama hukufika karibu na protoni. Tukio moja, lile la gololi kuporomoka, ndilo lililoifanya pioni kuwa nyepesi na sembe yangu kuwa nzito.

Aliyeliona hili ni Yoichiro Nambu, Mjapani aliyekuwa Chicago, na alilichukua mahali ambapo hukutarajia: kwenye metali zinazopitisha umeme bila ukinzani. Nadharia ya metali hizo ilikuwa imetoka mwaka 1957, yenye elektroni zinazoungana mbili mbili. Mwaka 1961 yeye na Giovanni Jona-Lasinio wakaandika modeli ambamo chembe za nyuklia zinaungana vivyo hivyo. Kwarki zilikuwa hazijapendekezwa bado, zilikuja mwaka 1964, kwa hiyo modeli yao ilizungumzia protoni na nyutroni. Baadaye watu wakaisoma upya wakiweka kwarki mahali pake, nayo ikaendelea kufanya kazi. Nambu alipata nusu ya tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2008.

Modeli hiyo ndiyo niliyoiandikia tasnifu. Ina namba tatu tu za kurekebisha: nguvu ya kuvutana, uzito mdogo wa kwarki, na kikomo cha nishati ambacho ukikivuka modeli haikuhusu tena. Kikomo changu kilikuwa kama 650. Gluoni zote nimezitupa nje. Nilikuwa nakokotoa usiku, na umeme ulikuwa unakatika hadi nikajizoeza kuandika kila jibu kwenye daftari kabla ya kwenda kwenye linalofuata. Pioni ikatoka barabara, nikafurahi. Siku ya kujitetea, mtahini mmoja akafungua ukurasa wa ro, akavua miwani, akaniuliza, "Binti, kwarki zako mbona zimetoroka?" Alikuwa na haki. Kwarki mbili za 320 ni 640, na ro ina 775. Katika modeli isiyo na gluoni za kuzifungia, hakuna kinachozuia ro isigawanyike ikatoa kwarki mbili huru, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Ro halisi hugawanyika kuwa pioni mbili, karibu kila mara, kwa muda mfupi usiotamkika. Nikajibu kwamba modeli yangu ni ya pioni na jirani zake, na kwamba nimeandika mipaka yake ukurasa wa kwanza. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma, akavaa miwani. Nilipita.

Modeli inayoandika mipaka yake haibahatishi. Mwanafizikia Steven Weinberg alilifanya hili kuwa utaratibu mwaka 1979, na wenzake Gasser na Leutwyler wakalikamilisha mwaka 1984 na 1985: unaandika kila kinachoruhusiwa na ulinganifu, unakipanga kwa ngazi za nishati ikigawanywa kwa 1,000 hivi, na unajua mapema kosa lako ni la ukubwa gani ukisimama ngazi hii au ile. Sijui ni waganga wangapi wanaokutajia kosa lao kabla ya ramli.

Mwandishi wako aliuliza, haya yote yanapimwaje. Yanapimwa kwa namna chembe zinavyokufa. Pioni yenye chaji huishi sehemu 26 za bilioni moja ya sekunde, kisha hugeuka kuwa muoni na nyutrino, chembe isiyo na chaji na karibu haina uzito. Muoni ni kama elektroni, ila nzito mara 200 na zaidi. Kwa mawazo ya haraka ungesema pioni ingependelea kutoa elektroni, maana ni nyepesi na inaacha nishati nyingi ya kukimbilia. Hufanya hivyo mara moja tu katika 8,000 na kidogo. Sababu ni parafujo tena. Pioni haina spini, kwa hiyo chembe mbili zinazotoka, moja huku na moja kule, lazima zijizungushe kwa kulingana. Nyutrino ni mkaidi, hujizungusha upande wake mmoja tu, na hivyo humlazimisha mwenzake kujizungusha upande asioutaka. Chembe iliyo na uzito na inayokwenda polepole huvumilia kulazimishwa huko. Muoni hutoka kwa asilimia 27 ya kasi ya mwanga, inavumilia. Elektroni hutoka karibu na kasi ya mwanga yenyewe, inagoma. Kwa miaka kadhaa waliotafuta zile chache za elektroni waliambulia patupu, hadi zilipoonekana CERN mwaka 1958. Yote yaliyomo tumboni mwa pioni, kwarki, gluoni na tope, yanaingia katika hesabu ya kifo chake kwa namba moja, kama 92 MeV, na modeli yoyote inayotaka heshima lazima iitoe namba hiyo.

Pioni isiyo na chaji hufa kwa namna nyingine, hugeuka kuwa fotoni mbili, chembe za mwanga, na ukikokotoa kasi ya kifo hicho unalazimika kuhesabu kwarki huja kwa rangi ngapi (rangi ni jina tu la chaji ya kani kali). Ukiweka tatu, upana wake, yaani kipimo cha kasi hiyo, ni kama 7.75 eV (eV ni sehemu moja ya milioni ya MeV). Ukiweka moja, unapata mara tisa pungufu. Maabara ya Jefferson, Virginia, ilitangaza kipimo chake mwaka 2020: 7.80, kosa asilimia moja na nusu. Nilipoisoma nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Pioni zenyewe zilionekana kwanza mwaka 1947, kwenye bamba za picha zilizowekwa juu ya milima na kusomwa kwa hadubini huko Bristol, Uingereza, kazi iliyofanywa sana na wanawake waliokuwa wanakagua bamba inchi kwa inchi. Marietta Kurz ndiye aliyeona tukio la kwanza. Mstari mnene unafika, unasimama, na hapo unachipuka mstari mwembamba wa muoni, urefu uleule kila mara, kama sita ya kumi ya milimita. Cesare Lattes, Mbrazili wa miaka 23 hivi, akachukua bamba nyingine hadi Chacaltaya, Bolivia, mita 5,200 juu. Wanafunzi wangu waliniuliza kila mwaka kwa nini hakuja Kibo, ni mita 5,895. Niliwajibu kwamba Chacaltaya kulikuwa na kituo cha hali ya hewa. Hawakuridhika.

Mwandishi wako asiende hata Bolivia. Anyooshe kiganja. Angani juu yetu miale ya ulimwengu, yaani chembe zinazotoka mbali angani, inagonga hewa na kuzaa pioni, pioni zinakufa kuwa muoni, na muoni kama moja hivi inapita katika kiganja chake kila sekunde, anaposoma barua hii na atakapolala. Muoni za namna hiyo ndizo zilizoonyesha mwaka 2017 kwamba ndani ya piramidi ya Khufu kuna uwazi mkubwa usiojulikana.

Ombi langu, Mhariri, ni masahihisho mafupi ukurasa uleule: kwamba Higgs inazipa kwarki uzito wao mdogo na elektroni wake wote, na kwamba sehemu kubwa ya uzito wa vitu ni kazi ya kani kali. Neno "wanabahatisha" nalo lifutwe. Mwandishi akifika Tanga namkaribisha chai. Chombo cha keki kipo, ila aje na gololi yake, mjukuu ameichukua ya kwangu shuleni.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Ngamiani, Tanga.